Vipande Vinne Ambavyo Havikumalizwa

Albamu ya Remain in Light ya bendi ya Talking Heads ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 1980 ikiwa na nyimbo nane, tatu upande wa kwanza wa santuri na tano upande wa pili, zote pamoja zikichukua dakika 40 hivi. Mwaka 2006 ilitolewa upya. Nyimbo zile nane zilisafishwa sauti, na mwishoni vikaongezwa vipande vinne ambavyo bendi ilivianza wakati ule ikaviacha njiani: "Fela's Riff", "Unison", "Double Groove" na "Right Start". Msikilizaji wa haraka huviona kuwa makombo. Lakini hivyo ndivyo vinavyolipa toleo hilo thamani yake, kwa sababu vinaonyesha jinsi mojawapo ya albamu kubwa za roki ya karne ya 20 ilivyojengwa, ilikoazima, na ilivyokitumia ilichoazima.

Waliokuwamo wamesimulia mengi kuhusu kazi hiyo. Mwimbaji David Byrne aliieleza katika kitabu chake How Music Works cha mwaka 2012. Mpiga drams Chris Frantz aliandika kumbukumbu zake mwaka 2020 na kuziita Remain in Love, jina lililochezea lile la albamu. Tina Weymouth, mpiga besi na mke wa Frantz, amehojiwa mara nyingi kuhusu miezi ile, na vivyo hivyo Jerry Harrison, aliyepiga kinanda na gitaa. Masimulizi yao hayalingani kila mahali, hasa panapofika swali la nani alitunga nini. Hapo ndipo kanda zenyewe zinapokuwa shahidi wa kutegemewa kuliko mtu yeyote.

Talking Heads ilizaliwa New York mwaka 1975. Byrne, Frantz na Weymouth walikuwa wamefahamiana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, na Juni mwaka huo walipanda jukwaani katika klabu ya CBGB wakiwatangulia Ramones. Harrison, aliyetoka katika bendi ya Modern Lovers, alijiunga nao mwaka 1977. Klabu ile ndogo ya Manhattan ilikuwa chimbuko la panki ya Marekani, lakini vijana hawa hawakufanana na wapanki. Walivaa mashati ya kawaida na kukata nywele fupi. Gitaa lao lilidonoa badala ya kunguruma, na Byrne aliimba kama mtu aliyeshikwa na wasiwasi katikati ya mkutano. Waandishi wa muziki walihitaji jina la kuzikusanya bendi za namna hiyo, zilizotoka katika panki lakini zikawa na hamu ya disko, rege, fanki na vinanda vya umeme. Wakaziita wimbi jipya.

Kuanzia albamu yao ya pili, ya mwaka 1978, mtayarishaji wao alikuwa Mwingereza Brian Eno, mtu aliyeichukulia studio yenyewe kuwa ala ya muziki. Eno alikuwa na mapenzi makubwa kwa Fela Kuti wa Nigeria, na aliwasikilizisha wenzake albamu ya Fela iitwayo Afrodisiac, ya mwaka 1973. Ina nyimbo nne tu. Kila moja husimama juu ya kifungu kimoja cha besi na gitaa kinachorudiwa muda mrefu, huku saksafoni, vinanda na waitikiaji wakiingia na kutoka, na drams za Tony Allen zikigawa mapigo kwa namna ambayo kila mkono na kila mguu una hadithi yake.

Muziki huo ulikuwa umeshavuka bahari zaidi ya mara moja kabla haujafika New York. Fela alikaa Marekani mwaka 1969 na kurudi Lagos akiwa na fikra mpya za siasa na masikio yaliyojaa fanki. James Brown alizuru Nigeria mwaka 1970, na wanamuziki wa pande zote mbili walisikilizana. Fanki ya Brown nayo ilikuwa imejengwa na watu ambao mababu zao walipelekwa utumwani kutoka pwani hiyohiyo ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo vijana wanne wa wimbi jipya walipoanza kumsikiliza Fela, walikuwa wanaingia katika mazungumzo marefu yaliyokuwa yanaendelea bila wao.

Hatua ya kwanza ilikuwa wimbo "I Zimbra", unaofungua albamu ya Fear of Music ya mwaka 1979. Maneno yake yalichukuliwa katika shairi la Hugo Ball, mshairi wa kundi la Dada, nalo halina maana katika lugha yoyote. Bendi ilipousikiliza tena ilitambua kwamba humo ndimo ilimotaka kwenda: sauti nyingi juu ya mdundo usiobadilika, bila mwimbaji mmoja kuwa mfalme. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake kwa muda. Frantz na Weymouth walikwenda visiwa vya Karibi, wakafika Haiti na kushuhudia sherehe za vodu. Byrne na Eno walibaki Marekani wakirekodi My Life in the Bush of Ghosts, albamu waliyoipa jina la riwaya ya mwaka 1954 ya Mnigeria Amos Tutuola. Humo waliweka sauti za wahubiri na waimbaji walizozinasa redioni na katika santuri za watu wengine.

Walisoma pia, na hili halisemwi vya kutosha wanapotajwa. Kitabu kilichowagusa zaidi kilikuwa African Rhythm and African Sensibility cha Mmarekani John Miller Chernoff, kilichotoka mwaka 1979. Chernoff alikuwa amekaa Ghana akijifunza ngoma kwa walimu wa Kidagomba na Kiewe. Alieleza jambo ambalo mchezaji wa ngoma yeyote wa Afrika hulijua bila kuelezwa: mdundo mmoja peke yake haujakamilika, unapata maana ukikutana na mwingine, na mpigaji hodari huacha nafasi ili mwenzake aijaze. Byrne alisoma pia African Art in Motion cha Robert Farris Thompson, msomi wa chuo kikuu cha Yale. Albamu ilipotoka, waandishi wa habari walipewa pamoja nayo orodha ya vitabu. Wengine waliona ni majivuno ya wasomi. Hilo si sawa. Bendi za roki zilikuwa zimechota kwa Waafrika na Wamarekani weusi miaka mingi bila kumtaja mtu, na hawa walisema wazi wapi walikokwenda kunywa maji.

Julai 1980 wote wanne pamoja na Eno walikutana Nassau, Bahamas, katika studio ya Compass Point iliyoanzishwa na Chris Blackwell wa kampuni ya Island. Walifika bila wimbo hata mmoja. Katika albamu zilizotangulia Byrne alikuwa akija na nyimbo zake, na wengine wakizivalisha. Safari hii walikubaliana kuanza na mikono mitupu, kila mtu akipiga kifungu kifupi na kukirudia dakika nyingi, wengine wakitafuta cha kukijibu. Walibadilishana ala pia. Mpiga drams aliweza kushika kinanda, na besi ya wimbo mmoja iliweza kupigwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja akiwa na noti chache tu.

Kazi hiyo ilifanywa kabla mashine za sampuli hazijaenea studioni. Leo mtu hukata kipande cha mapigo manne kwenye kompyuta na kukiamuru kijirudie mpaka kesho. Wao walilazimika kujirudia wenyewe kwa mikono, bila kuchoka na bila kuongeza madoido, na kila sauti ikarekodiwa kwenye njia yake katika utepe mpana. Kisha Eno, Byrne na mafundi mitambo walikaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti wakifungua njia hii na kuifunga ile. Ala nne zikifunguliwa pamoja zilikuwa ubeti. Zikifungwa mbili na kufunguliwa tatu nyingine, kikapatikana kiitikio. Hivyo wimbo ulitungwa kwa kunyamazisha. Rhett Davies, fundi aliyeanza nao, hakuipenda namna hiyo ya kazi akaondoka mapema. Dave Jerden alibaki kuimaliza, na Steven Stanley wa Jamaika alishiriki pia.

Njia hiyo ina madhara yanayosikika. Nyimbo nyingi za roki husafiri kwa kubadili kodi za gitaa: msikilizaji anaondoka nyumbani, anazunguka, anarudi. Katika Remain in Light karibu hakuna safari ya namna hiyo. Kodi moja inaweza kukaa wimbo mzima, na mabadiliko yote yanatokana na nani ameingia na nani ametoka. Vifungu vyenyewe vimepangwa kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na anayesikia kutoka mbali hawezi kusema pigo lipi ni la nani. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi wa Afrika Mashariki au Kongo, ambamo gitaa la solo, la ridhimu na la besi hugawana kazi bila kukanyagana, hatapata taabu kuuelewa. Aliyepata taabu mwaka 1980 ni msikilizaji wa roki aliyezoea gitaa moja kuongoza na mengine kufuata.

Sasa vipande vinne vya toleo la 2006 vinaeleweka. "Fela's Riff" hakikufichwa nyuma ya jina la kisanii. Kinasema kwa jina lake kilikotoka, na mtu akikisikiliza baada ya Afrodisiac anaona bendi ikijifunza sarufi ya mwalimu wake, wakati mwingine kwa kigugumizi. Ala zinatafutana, na mtu anaacha nafasi ambayo hakuna anayeijaza. "Unison" na "Double Groove" vina mvuto lakini havikupata kiini, na inaeleweka kwa nini viliachwa. Faida yake ni kuonyesha kwamba njia ile haikuwa muujiza wa kuzalisha nyimbo kila inapotumiwa. Ilidai kuchagua na kutupa.

Kipande cha nne, "Right Start", kina uzito zaidi ya vingine vyote kwa pamoja. Hiki ndicho kilichokuja kuwa "Once in a Lifetime", wimbo wao uliojulikana kuliko zote katika albamu hiyo. Kifungu cha besi kiko pale tayari, kikirudi na kurudi. Lakini wimbo bado haujakamilika. Hakuna maneno yanayojulikana, hakuna kiitikio, hakuna ile hali ya mtu kuamka ghafla katikati ya maisha yake na kujiuliza alifikaje hapo. Wenye bendi wamesimulia kwamba Eno hakukipenda kipande hicho mwanzoni, na nusura kitupwe. Wamesimulia pia kwamba yeye na wenzake hawakukubaliana pigo la kwanza la mzunguko liko wapi: Eno alilisikia mahali pengine kabisa. Badala ya kusuluhishwa, tofauti hiyo ilibaki ndani ya wimbo. Sehemu zake zinaegemea mahali pawili tofauti kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu wimbo huo unaelea namna ile hata baada ya kusikilizwa mara nyingi. Mtunzi wa ngoma angeliona jambo hilo kuwa la kawaida. Katika studio ya roki lilikuwa bahati njema, na busara ya Eno ilikuwa kutolirekebisha.

Kilichokikamilisha "Right Start" kuwa wimbo ni sauti. Byrne alikuwa ameishiwa maneno. Aliondoka Nassau na kanda za midundo, na kwa muda akaimba silabi zisizo na maana mpaka zikapata melodia. Kisha akatafuta maneno yanayoingia katika silabi hizo. Kwa "Once in a Lifetime" alisikiliza wahubiri wa redioni, namna wanavyoita na kujibiwa, wanavyopandisha pumzi na kurudia neno mpaka linakuwa mdundo. Hakuwakejeli. Alichukua mwendo wa mahubiri akauweka mdomoni mwa mtu wa tabaka la kati mwenye nyumba, gari na mke, asiyejua vyote vilikujaje. Eno akatunga sauti za kiitikio kama kwaya inayomjibu. Filamu fupi ya wimbo huo, iliyoongozwa na Toni Basil pamoja na Byrne, ilimwonyesha mwimbaji akitetemeka na kujipiga kichwani kama mtu aliyepandwa na pepo, na miondoko hiyo ilitokana na picha za ibada mbalimbali walizozitazama. Uingereza wimbo ulifika nafasi ya 14 mwaka 1981.

Nyimbo nyingine zilimaliziwa New York, katika studio ya Sigma Sound. Huko wakaongezwa wageni ambao bila wao albamu isingekuwa ilivyo: Adrian Belew, aliyelifanya gitaa lilie kama mnyama katika "The Great Curve", Nona Hendryx, aliyetoka katika kundi la Labelle, kwa sauti za uitikiaji, na Jon Hassell, ambaye tarumbeta yake katika "Houses in Motion" inasikika kama pumzi za watu kadhaa. Mwishoni mwa "Crosseyed and Painless" Byrne anaacha kuimba na kuanza kufokafoka, jambo alilojifunza kwa vijana weusi wa New York, hasa santuri za Kurtis Blow. Mwaka 1980 bendi chache za weupe zilikuwa zimeupa muziki huo sikio.

Wimbo wa saba, "Listening Wind", unastahili kuangaliwa kwa makini. Unamhusu Mojique, mtu wa nchi isiyotajwa, anayewaona Wamarekani wakijaa katika ardhi yake na kuamua kuwapiga kwa bomu. Wimbo haumtetei wala haumlaani. Unakaa kwake, unasikiliza upepo pamoja naye, na mdundo wake ni mpole kuliko wowote katika albamu. Kwa mtu aliyeishi Marekani kuandika hivyo, mwaka uleule Wamarekani walipokuwa wameshikwa mateka Tehran, ilihitaji moyo. Huo ndio wimbo unaoonyesha kwamba kusoma kwao hakukuishia kwenye mapigo. Mtu hawezi kusikiliza muziki wa watu wengine kwa makini kiasi kile bila kuanza kuwaza dunia inaonekanaje kutoka walipo wao.

Jalada nalo lilitangulia wakati wake. Frantz na Weymouth walishirikiana na watafiti wa kompyuta wa chuo cha MIT, akiwamo Walter Bender, wakazifunika nyuso nne za wanabendi kwa mabaka mekundu mfano wa vinyago. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na nguvu ndogo mno kufanya kazi laini, na ukavu wa picha ndio uliobaki kuwa uzuri wake. Nyuma ziliwekwa ndege za kivita, kwa heshima ya baba yake Weymouth aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini.

Tatizo lililofuata lilikuwa la jukwaani. Watu wanne hawawezi kupiga muziki uliorekodiwa kwa tabaka juu ya tabaka. Agosti 1980, kabla hata albamu haijatoka, bendi ilipanda jukwaani katika tamasha la Heatwave karibu na Toronto ikiwa na watu tisa. Waliongezwa Belew, Bernie Worrell wa Parliament-Funkadelic kwenye vinanda, Busta Jones kwenye besi ya pili, Steve Scales kwenye tumba na Dolette McDonald kwa sauti. Wanne kati ya watano hao walikuwa weusi, na kwa bendi iliyotoka CBGB hilo halikuwa jambo dogo. Rekodi za ziara hiyo ziliingizwa katika albamu ya jukwaani The Name of This Band Is Talking Heads ya mwaka 1982, nayo ikatolewa upya mwaka 2004 ikiwa ndefu zaidi. Mtu akiisikiliza sambamba na Remain in Light atagundua kwamba nyimbo zilizotungwa kwa kufungua na kufunga njia za utepe zilipata jasho na furaha zilipopigwa na watu waliotazamana machoni.

Hata hivyo, kazi iliyotungwa na wote ilizaa ugomvi wa majina. Frantz na Weymouth wamesimulia kwamba makubaliano yalikuwa watunzi wote watano waorodheshwe kwa kufuata alfabeti: Byrne, Eno, Frantz, Harrison, Weymouth. Jalada la kwanza lilipochapwa, halikuwa hivyo, na uchungu wake ungali unasikika katika kitabu cha Frantz miaka 40 baadaye. Upande wa pili una hoja pia, maana melodia za sauti na maneno vilitungwa baadaye, na katika desturi ya biashara ya muziki hivyo ndivyo huhesabiwa kuwa wimbo. Lakini desturi hiyo ilitungwa kwa muziki wa namna nyingine. Ukitumia njia ambayo kifungu cha besi kinachorudiwa ndicho nyumba nzima, aliyekipiga kifungu hicho ni mtunzi. "Right Start" inamaliza ubishi: ondoa sauti zote, na bado msikilizaji anautambua wimbo. Matoleo ya baadaye yanawataja wote watano, na ndivyo ipasavyo.

Kuhusu sauti ya toleo jipya, kuna mambo mawili ya kutenganishwa. La kwanza ni kusafisha: fundi anachukua mchanganyo uleule wa 1980, ambamo ukubwa wa kila ala umeshaamuliwa, na kuunoa ili usikike vizuri katika vyombo vya leo. La pili ni kuchanganya upya: anarudi kwenye njia za utepe, moja moja, na kuamua tena kila kitu. Toleo la 2006 lilifanya yote mawili. Lilitoka katika diski yenye nyuso mbili. Upande mmoja ulikuwa CD ya kawaida yenye sauti iliyosafishwa, na upande wa pili DVD yenye mchanganyo mpya wa spika sita uliofanywa na Harrison pamoja na fundi E. T. Thorngren. Diski hizo zilikuwa na kasoro, kwani hazikufuata vipimo rasmi vya CD na mashine nyingine zilizikataa, na baada ya miaka michache aina hiyo ilitoweka sokoni.

Mchanganyo wa spika sita hauna maana kubwa kwa bendi nyingi za roki. Gitaa la kulia likihamishwa nyuma ya kiti cha msikilizaji hakuna jipya alilolipata. Kwa albamu hii ni tofauti, kwa sababu vifungu vyake vingi vimesongamana katika spika mbili kiasi kwamba sikio huvisikia kama kitambaa kimoja. Vikisambazwa kuzunguka chumba, nyuzi zinaonekana. Msikilizaji anaweza kugeukia kona moja akasikia gitaa linalorudia kifungu chake katika wimbo "Born Under Punches", kisha akageukia nyingine akasikia linalomjibu. Anakuwa amesimama katikati ya wapigaji, mahali ambapo mtazamaji wa ngoma kijijini amesimama siku zote. Na kwa kuwa aliyeketi mezani alikuwa mmoja wa waliopiga, mizani ilibaki ya mtu anayejua kila sauti iliwekwa pale kwa kazi gani.

Si kila kutoa upya huongeza. Mwaka huohuo wa 2006 My Life in the Bush of Ghosts ilitolewa tena ikiwa na nyongeza saba, lakini kipande kimoja cha toleo la 1981 hakikuwamo. Kipande hicho kilitumia sauti za Waislamu wa Algeria wakisoma Kurani, kikaondolewa miaka mingi nyuma baada ya taasisi ya Kiislamu nchini Uingereza kulalamika. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Sauti ya ibada ilinaswa kwa nia nyingine, na walioitoa hawakuulizwa kama ingechezewa drams. Byrne na Eno walishiriki katika albamu hiyo na katika Remain in Light ndani ya miaka miwili, na tofauti yake inafundisha: katika moja walichukua sauti za watu, katika nyingine walijifunza kanuni za watu kisha wakapiga kwa mikono yao. Ya pili ndiyo iliyozeeka vizuri.

Aliyeuona mapema undugu wa Remain in Light na muziki wa Afrika ni Angélique Kidjo wa Benin, anayejulikana pia na wasikilizaji wa Kiswahili kwa kuuimba "Malaika" katika albamu yake ya mwaka 1991. Kidjo amesimulia kwamba alipofika Paris mwaka 1983, akiwa ametoroka utawala wa nchi yake, aliusikia "Once in a Lifetime" katika tafrija ya vijana. Akasema muziki ule ni wa Kiafrika. Wenzake wakamwambia hapana, ule ni roki. Miaka ikapita kabla hajajua jina la wimbo na waliouimba, na alipopata albamu nzima aliona kwamba sikio lake halikumdanganya.

Mwaka 2018 Kidjo alitoa Remain in Light yake mwenyewe, nyimbo zote nane kwa mpangilio mpya, akiongeza maneno ya lugha za kwao, na kwenye drams akamwita Tony Allen, yuleyule aliyepiga katika Afrodisiac. Kabla ya hapo, Mei 2017, alikuwa amezipiga jukwaani Carnegie Hall, New York, na Byrne akapanda kuimba naye. Katika mikono yake sauti za uitikiaji zinapata watu wa kweli nyuma yake, na wasiwasi wa Byrne unageuka kuwa onyo la mama anayewasuta watawala wala rushwa. "Listening Wind", ukiimbwa na mwanamke aliyetoka upande ule wa dunia ambao Mojique angeweza kutoka, haubaki tena kuwa hadithi ya kubuni.

Kazi ya Kidjo haichukui nafasi ya ile ya kwanza. Inailipia deni kwa niaba ya waliokopa. Mwenye fedha za kununua toleo moja tu la Remain in Light anunue lile la 2006 lenye vipande vinne. Mwenye fedha za kununua mawili aongeze la Kidjo, na mwenye za tatu asiiache Afrodisiac ya Fela.